Askari na Ibada za Vijana Vyuoni

Desturi ya zamu ni kongwe katika majeshi yote. Askari hawekwi mahali bila kuambiwa analinda nini. Huonyeshwa lango, huonyeshwa ghala, huonyeshwa njia ya kuingilia na ya kutokea, ndipo huachiwa nafasi yake. Lakini askari au polisi anapopangiwa zamu katika chuo kikuu, mara nyingi huonyeshwa majengo na magari tu. Ni mara chache kuelezwa habari za jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hulithamini kuliko majengo, nalo ni mikusanyiko yao ya ibada.

Katika makala haya tunakusudia kuieleza mikusanyiko hiyo: ilivyo, ilikotoka, na jinsi mwenye sare anavyopaswa kuitazama. Hili si jambo dogo. Mwaka 2015, katika nchi jirani ya Kenya, vijana wa chuo waliuawa wakiwa katika sala ya alfajiri. Tangu siku ile hakuna mlinzi wa chuo chochote katika sehemu zetu awezaye kusema kwamba habari za sala ni za makasisi na maimamu peke yao.

Nyumba tatu juu ya kilima kimoja

Tuchukue mfano wa chuo kikuu kikongwe cha Afrika ya Mashariki. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Mwaka 1949 ikawa chuo kilichoshirikiana na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu cha taifa la Uganda. Mgeni akikipanda kilima hicho ataliona Kanisa la Mtakatifu Fransisko la Waanglikana, ataliona Kanisa la Mtakatifu Augustino la Wakatoliki, na atauona msikiti wa chuo. Nyumba hizo zote zimo katika eneo moja, na wanaosali ndani yake hulala katika mabweni yale yale na kukalia mtihani ule ule.

Mlinzi mwenye macho ataona kwamba juma zima lina mwendo wake. Ijumaa mchana Waislamu huelekea msikitini. Jumamosi ni siku ya Waadventista wa Sabato, ambao huacha kazi zote tangu jua la Ijumaa linapotua. Jumapili makanisa hujaa. Siku za katikati, jioni ikiingia, vikundi vidogo hukutana mabwenini na madarasani kwa mafundisho, kwa sala na kwa mazoezi ya kwaya. Mitihani inapokaribia kuna mikesha. Mwezi wa Ramadhani kuna futari ya pamoja.

Ikifika tarehe 3 Juni, wanafunzi wengi huungana na mahujaji wanaokwenda Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Yafaa tukumbuke kwamba wengi wa mashahidi wale walikuwa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka, na kwamba kosa lao lilikuwa kukusanyika kusoma na kusali. Kabla yao, katika miaka ya 1870, Waislamu nao waliuawa kwa ajili ya dini yao katika enzi ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Kwa hiyo ardhi hii imekwisha kunywa damu ya wasalio wa dini zote mbili, na jambo la vijana kusali pamoja lina historia ndefu kuliko chuo chochote tulicho nacho.

Kwa nini vijana hukusanyika? Bila shaka kwanza ni kwa ajili ya Mungu wao. Lakini kuna sababu nyingine ambayo askari ataifahamu upesi. Kijana atokaye Karamoja, au West Nile, au Kigezi, hufika Kampala akiwa na sanduku moja na barua ya kukubaliwa chuoni. Hana mjomba mjini, hana shangazi. Katika kikundi cha sala hupata rafiki wa kwanza. Akiugua hutembelewa, na akifiwa huchangiwa nauli ya kwenda maziko. Askari naye alipoingia kambi ya mafunzo kwa mara ya kwanza, alijua thamani ya mwenzake wa kitanda cha pili. Anayeelewa maana ya kombania kwa kuruta ataelewa maana ya kikundi cha sala kwa mwanafunzi mgeni.

Mukono, mwaka 1941

Si kila mara wakuu wa vyuo walipendezwa na sala za vijana. Mwaka 1941, katika Chuo cha Thiolojia cha Bishop Tucker kilichopo Mukono, kulizuka shauri ambalo mpaka leo lina mafunzo. Wakati huo uamsho wa kiroho uliotokea Gahini nchini Rwanda ulikuwa umeenea Uganda, na wafuasi wake waliitwa Walokole, yaani waliookoka. Baadhi ya wanafunzi wa Mukono walikuwa Walokole. Walizoea kuamka kabla ya mapambazuko, kukutana kwa sala na kuwahubiri wenzao waache dhambi. Uongozi wa chuo ukaona mikutano hiyo inavunja utaratibu, ukaipiga marufuku. Wanafunzi hawakukubali. Mwisho wake wanafunzi 26 walifukuzwa chuoni, na miongoni mwao alikuwamo William Nagenda, ambaye baadaye alikuwa mhubiri mwenye sifa katika nchi nyingi.

Hatuandiki haya ili tumhukumu mtu. Uongozi ulikuwa na haki ya kutaka utaratibu, kwa maana chuo kisicho na saa ya kulala si chuo. Vijana nao walikuwa na haki ya dhamiri zao. Tunalotaka askari alione ni matokeo. Uamsho haukuzimwa kwa kufukuzwa vijana 26. Ulienea Uganda nzima na kuvuka mipaka, na kutoka kwake walipatikana maaskofu kama Janani Luwum na Festo Kivengere. Mahali pale pale Mukono, mwaka 1997, pakafunguliwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, na leo wanafunzi husali humo bila kuogopa kufukuzwa. Sala iliyokatazwa mlangoni huingia dirishani, na ikishaingia dirishani mlinzi haijui tena saa yake wala mahali pake.

Wakati dola ilipopigana na wasalio

Funzo la pili ni chungu zaidi, na linatuhusu sisi wenye sare moja kwa moja. Tarehe 3 Agosti 1976 askari wa serikali ya Idi Amin waliingia Makerere na kuwapiga wanafunzi. Februari mwaka uliofuata Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Charles Oboth-Ofumbi na Erinayo Oryema. Polisi wanaosoma ukurasa huu wasisahau kwamba Oryema alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Jeshi la Polisi la Uganda. Mwezi Septemba mwaka huo huo wa 1977, serikali ile ilipiga marufuku jumuiya 27 za dini. Waumini waliozuiliwa wakaanza kusali kwa siri majumbani, na askari waliokuwa na mpaka wa kulinda wakapewa kazi ya kuwasaka wenye Biblia.

Serikali hiyo ilianguka Aprili 1979. Hatusemi kwamba ilianguka kwa sababu hiyo moja. Lakini yeyote aliyesoma habari za vita anajua kwamba jeshi lililochukiwa na raia wake halipati habari, halipati chakula, wala halipati mwongozaji wa njia. Jeshi la namna hiyo hupigana likiwa kipofu. Makovu ya miaka ile hayajafutika yote. Ndiyo sababu hata leo mwanafunzi akimwona mwenye bunduki karibu na mahali pa sala, huuliza moyoni mwake: huyu amekuja kunilinda au amekuja kunipeleleza? Jibu hulipata katika mwenendo wa askari yule.

Sheria inasemaje

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 haina mafumbo katika jambo hili. Ibara ya 7 inasema kwamba nchi haitakuwa na dini ya serikali. Ibara ya 29 inampa kila mtu uhuru wa kufuata dini yake na kushiriki katika desturi za jumuiya yake ya dini, mradi afanye hivyo kwa kuifuata Katiba. Kwa hiyo mwanafunzi anayekwenda msikitini au kanisani haombi fadhila kwa mlinzi wa lango. Anatumia haki yake, na mlinzi ameapa kuilinda haki hiyo.

Hata hivyo haki hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo imekwisha kupimwa mahakamani. Mwaka 2003 wanafunzi Waadventista wa Makerere waliishtaki menejimenti ya chuo katika Mahakama ya Katiba, wakilalamika kwamba masomo na mitihani ya siku ya Jumamosi yanawanyima Sabato yao. Walishindwa. Wakakata rufaa, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu nayo ikaamua kwamba utaratibu wa chuo haukuvunja Katiba. Wapo waliofurahi na wapo waliosikitika. Kwetu sisi la maana ni kwamba ugomvi mzito wa imani ulipelekwa mbele ya majaji na ukaamuliwa kwa hoja. Polisi wakikuta mvutano wa dini chuoni, wakumbuke kwamba mlango huo upo, na wawaelekeze vijana huko kabla ya mtu yeyote kushika jiwe.

Alfajiri ya Garissa

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Tarehe 2 Aprili 2015 ilikuwa Alhamisi Kuu, siku tatu kabla ya Pasaka. Katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, kaskazini mashariki ya Kenya, wanafunzi Wakristo walikuwa wameamka mapema kwa sala ya pamoja. Kiasi cha saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wanne wa kundi la Al-Shabaab waliwapiga risasi walinzi wa lango wakaingia. Wanafunzi waliokuwa katika sala walikuwa miongoni mwa wa kwanza kushambuliwa. Kisha wauaji wakaingia mabwenini, wakawauliza vijana dini zao, wakawatenga Wakristo na Waislamu. Mapigano yaliendelea mpaka usiku. Watu 148 walipoteza maisha, wengi wao wanafunzi, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo polisi na wanajeshi waliokwenda kuwaokoa. Tunawainamishia vichwa hao wote.

Askari anayesoma habari hizi kwa jicho la kazi ataona mambo matatu. La kwanza ni kwamba adui aliijua saa. Aliijua alfajiri, wakati mlinzi wa usiku amechoka na wa mchana hajafika. La pili ni kwamba siku chache kabla ya hapo tahadhari za mashambulizi dhidi ya vyuo zilikuwa zimekwisha kutolewa nchini Kenya. Tahadhari isiyofika mpaka kwa mlinzi wa lango haimsaidii mtu.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Mmoja wa wauaji wale alikuwa kijana aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake, chifu wa serikali katika Kaunti ya Mandera, alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu kwamba mwanawe amepotea. Basi adui hakutoka mbali. Alikuwa mtoto wa mtumishi wa serikali, amesoma, amekaa darasani na vijana kama wale aliokuja kuwaua. Mtu wa namna hiyo hatambulikani kwa kanzu wala kwa ndevu. Hutambuliwa na watu waliomfahamu, walioona kwamba ameacha rafiki zake, ameacha kusali na wenzake, na ameanza kwenda mahali pasipojulikana. Baba yule aliona, akasema. Raia wengi huona. Swali ni kama wanamwamini mwenye sare kiasi cha kumwambia.

Waliokataa kutengwa

Mwaka ule ule wa 2015, tarehe 21 Desemba, Al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera. Wakawaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa. Kina mama wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, ambaye alikuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi, na mwezi Januari 2016 akafariki dunia kwa majeraha yale. Serikali ya Kenya ilimpa nishani baada ya kifo chake.

Mwalimu yule hakuwa na bunduki. Lakini yeye na abiria wenzake waliharibu mpango wa adui, kwa kuwa mpango wenyewe ulitegemea watu kukubali kugawanywa. Hapo ndipo askari na polisi wanapaswa kujichunguza. Ikiwa langoni mwa chuo tunampekua msichana mwenye hijabu kwa ukali na kumpitisha mwenye msalaba kwa tabasamu, tumefanya kwa mikono yetu ile kazi ambayo wauaji wa Garissa waliifanya kwa bunduki. Vivyo hivyo ikiwa tunawadhihaki Walokole kwa makelele yao na kuwaheshimu wengine kwa utulivu wao.

Yapasayo zamu

Tunapenda sasa kutoa mashauri machache, ambayo tunadhani mkuu yeyote wa zamu anaweza kuyatumia bila kuongezewa fedha wala watu.

Kwanza, mlinzi wa chuo aijue kalenda ya ibada kama anavyoijua orodha ya zamu. Ajue Ijumaa saa ngapi watu hutoka msikitini, mkesha ni lini, Pasaka ni lini, Ramadhani inaanza lini. Mahali penye watu wengi na saa inayojulikana ndipo adui huelekeza macho yake. Saa ya kubadilishana zamu isiangukie saa ya sala.

Pili, awajue viongozi. Kasisi wa chuo, padri, imamu, na wanafunzi wanaoongoza vikundi wafahamike kwa sura, nao wawe na namba ya simu ya mkuu wa zamu. Makasisi na maimamu wetu wa jeshi wanaweza kuwa daraja zuri, kwa kuwa wanafahamu lugha ya pande zote mbili.

Tatu, upekuzi uwe mmoja kwa wote. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Neno la heshima litangulie mkono. Mwanafunzi akijibiwa vizuri langoni leo, kesho ataleta habari bila kuitwa.

Nne, askari asiingie mahali pa sala na viatu na silaha kana kwamba anaingia sokoni. Ikiwa hakuna hatari, abaki nje. Ikiwa ipo haja ya kuingia, amtafute kwanza mwenye mahali. Hatari ikiwa imekwisha kuingia, hapo sheria ya vita ndiyo inayotawala, wala hakuna mwenye akili atakayemlaumu.

Tano, jumuiya za sala zisigeuzwe mtandao wa wapelelezi. Ipo tofauti kubwa kati ya raia anayeleta habari kwa hiari, na mwanafunzi anayelipwa awachongee wenzake. Wa kwanza huleta ukweli. Wa pili huleta chochote kitakacholipiwa, na siri yake ikifichuka, kikundi kizima hufunga mlango.

Sita, heshima isitufanye tulale. Mwezi Machi mwaka 2000, huko Kanungu, mamia ya watu waliteketea kwa moto katika kundi lililojiita la dini. Wafuasi walikuwa wameuza mali zao na kujitenga na jamaa zao, na viongozi wao walikuwa wakitangaza mwisho wa dunia. Ibada ya haki hufanyika mlango wazi, na mwanafunzi wake huenda likizo kwa wazazi wake. Kikundi kinachomkataza kijana kuonana na mama yake, kinachochukua karo yake, kinachokutana kila mara mahali papya na kwa kiapo cha siri, kinastahili kuulizwa maswali, kiwe kinabeba kitabu gani mkononi.

Ndugu msomaji, huenda usiku wa leo umepangwa zamu katika mojawapo ya vyuo vyetu. Kabla ya jua kuchomoza utasikia adhana upande mmoja, na baada ya muda kidogo utasikia wimbo upande mwingine. Vijana watapita mbele yako wakiwa na usingizi machoni, wengine na kanzu, wengine na vitabu vya nyimbo, na wengi hawatakuamkia. Usikasirike. Mmoja wao ni mtoto wa askari mwenzako aliyeko mpakani. Simama wima, tazama giza lililo nyuma yao, na uhakikishe kwamba idadi ya walioingia kusali ndiyo idadi ya watakaotoka.